Jaluba Lililoitwa Malisho

Wiki mbili baada ya kurudisha buti za ofisi, Neema alinipigia simu kuuliza funguo ya stoo ya vifaa iko wapi. Nikamwambia iko pale pale ilipokuwa kabla yeye hajazaliwa, nyuma ya kalenda. Akacheka.

"Mama Hadija, yako mengi nyuma ya kalenda. Uyaandike basi. Sisi tutayatafuta wapi?"

Neema ni fundi sanifu aliyerithi meza yangu. Nilimwahidi, nikachelewa, kama mstaafu yeyote mwenye kuku na wajukuu. Kilichonikalisha chini hatimaye ni mvua ya juzi, nami nitaifikia. Namwandikia yeye na wenzake wote wa idara ya ujenzi wanaokuja nyuma. Vyeo na mishahara nimeviacha. Viko kwenye faili, na faili mnajua linakokaa.

Kazi yetu nikiielezea kwa mtu sokoni huwa nasema hivi: mahali watu wanapotaka kujenga, mvua ikinyesha, maji yaende wapi? Porini mvua inanywewa na nyasi na udongo. Ukishaleta bati, saruji na barabara ya moramu, maji yale yale yanakosa pa kuingia, yanaanza kukimbia. Mimi niliajiriwa kuyapunguzia mbio. Watu wengi hudhani tuliajiriwa kuyafukuza, na kwa miaka kadhaa nilidhani hivyo hivyo.

Nilizaliwa Shinyanga mjini. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kuchambulia pamba, mtu wa asili ya pwani aliyefuata kazi bara akasahau kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kisukuma nilijifunzia sokoni, na mpaka leo nikikisema watu huniomba nirudie ili wacheke vizuri. Siku ya kwanza kazini nilifika na cheti kipya, mwavuli, na viatu vyeupe. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikaketi barazani nikingoja.

Akatokea mzee mfupi amejifunika nailoni, mkononi kiroba. Huyo alikuwa Mzee Masanja, msimamizi wa vibarua wa mitaro, ambaye hakuwa na cheti chochote na aliulizwa kila kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unangoja nini?"

"Nangoja mvua ikatike tuanze kazi."

"Binti yangu, kazi ndiyo hiyo inanyesha."

Akanitoa nje. Tulipanda mpaka mahali barabara inapoanza kuteremka, akafungua kiroba. Ndani mlikuwa na pumba za mpunga. Akamwaga viganja vitatu kwenye maji yaliyokuwa yakishuka kando ya njia, zikaelea, zikaondoka.

"Zifuate."

Nikazifuata. Zilipita nyuma ya mashine ya kusaga, zikakatiza uwanja wa mtu, zikazunguka choo, zikaingia kwenye uchochoro ambao nilipoutazama kwenye ramani yangu yenye unyevu ulikuwa umeandikwa njia ya watembea kwa miguu. Maji yalinifika magotini. Kiatu kimoja kiliondoka na pumba, sikukiona tena.

"Huo ni mto, mzee," nilimwambia.

"Siku ya mvua ni mto, siku ya jua ni njia. Aliyechora alikuja siku ya jua."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu ya kwanza, na kama mngeniuliza mafunzo gani ya kazini yalinifaa zaidi, ningetaja hayo na kiatu kile.

Mzee Masanja alikuwa na mambo yake. Akifika kwenye nyumba hakutazama msingi kwanza. Alitazama wapi mama wa nyumba ameweka kuni, kwa sababu kuni huwekwa mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Alitazama mstari wa tope ukutani. Alinifundisha udongo mweusi wa mbugani, ule ambao kiangazi unapasuka mpaka rula inazama kwenye ufa. Mvua ya kwanza inamezwa na nyufa zote, na kila mtu anasema mtaro wako ni mzuri. Ya pili inauvimbisha udongo, nyufa zinafunga. Ya tatu inapita juu yake kama juu ya sahani. "Usipokee sifa kabla ya mvua ya tatu," alikuwa akisema. Mara moja tu nilizipokea kabla, nanyi mtaona.

Kifaa chake alichokipenda kilikuwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, urefu kama wa nyumba mbili. Mtu mmoja hushika ncha hii, mwingine ile, na maji ya ncha zote mbili yanakaa usawa mmoja, mpende msipende. Ofisi ilikuwa na leveli, mashine nzuri ya kutazamia juu ya miguu mitatu. Leveli inapata mtikisiko, inapata vumbi, inakwenda kutengenezwa Mwanza na inarudi baada ya watu kuoana na kuzaa. Mpira wa Mzee Masanja haukuwahi kwenda Mwanza.

Alipostaafu kwenda kufuga mbuzi, aliniachia mpira huo na kiroba kimoja cha pumba. Mpira nikautundika stoo. Pumba, nasema kwa aibu, niliona kama utani wa kizamani. Nilikuwa na leveli mpya.

Muda si mrefu nikapewa mradi wangu wa kwanza peke yangu. Ulikuwa mradi wa viwanja vya makazi, mkubwa, kwenye mteremko pembezoni mwa mji. Mtaa wenyewe siutaji, waliojenga pale wasije wakaona aibu kwa kosa ambalo ni langu. Tulipima kiangazi, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Chini ya mteremko palikuwa na tambarare pana, na juu yake kundi la ng'ombe kama sitini wakila mabua makavu. Hapakuwa na ua wala alama. Nikaandika kwenye ramani kwa mwandiko wangu mzuri: malisho ya ng'ombe. Kisha nikachora mtaro mmoja wa mawe, ulionyooka kutoka juu hadi chini, ukimwaga maji yote ya viwanja kwenye malisho hayo. Mstari ule ulinipendeza. Injinia wetu alipouona alisema, "Huu hauna kona hata moja," nami nikachukulia kuwa ni sifa.

Sikumwaga pumba, kwa kuwa hapakuwa na mvua. Sikumuuliza mtu, kwa kuwa nilikuta ng'ombe.

Kwa wale wenzangu wa mjini, nieleze. Jaluba ni shamba la mpunga lililozungushiwa tuta la udongo ili lishike maji ya mvua yanayoteremka kutoka juu. Mpunga ukishavunwa, majirani huachia ng'ombe waingie kula mabua. Ndiyo desturi, na hakuna anayegomba. Ng'ombe wanakanyaga, matuta yanalala, na kufikia mwisho wa kiangazi majaluba ya ukoo mzima yanaonekana kama uwanda usio na mwenyewe. Kabla ya mvua watu wanarudi na majembe, wanainua matuta, na mpunga unaanza upya. Mtoto yeyote wa kule anajua hivyo. Fundi sanifu wa Shinyanga mjini hakujua.

Mvua ya kwanza ilikuja, mtaro ukasifiwa. Nikapokea sifa. Ya pili ikaja. Asubuhi baada ya mvua ya tatu, akaingia ofisini mama mmoja mrefu, kanga imelowa hadi kiunoni, beseni kichwani. Alisalimia meza moja baada ya nyingine bila kuruka hata ya mhudumu wa chai. Kisha akashusha beseni na kuliweka juu ya meza yangu ya kuchorea. Ndani mlikuwa na tope na miche ya mpunga iliyong'oka.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mama. Karibu."

"Nimekaribia. Mtaro wa kule viwanja vipya kachora nani?"

Meza zote zilinigeukia. Ofisi yetu haikuwa na watunza siri.

"Ni mimi, mama."

"Wewe. Haya. Nimekuletea habari za ng'ombe wako."

"Ng'ombe gani?"

"Mwenyekiti wa mtaa kanionyesha ramani. Kwangu mmeandika malisho. Mimi nipo pale tangu niolewe, na siku zote hizo hakuna aliyeniambia kuwa mimi ni ng'ombe."

Mhudumu wa chai alitoka nje kwa haraka, tukamsikia akicheka ukumbini.

Mama huyo ni Mama Kabula. Hakucheka. Alisema maji yangu yalikuwa yamebeba matuta manne na miche yote aliyokwisha kuipanda. Alibakiwa na kitalu kimoja cha miche. "Nina wiki mbili," alisema. "Ikizidi hapo miche inazeeka, ukiipandikiza haishiki. Nikipanda maji yakija tena namna hii, mwaka huu sina mpunga, na nyumbani kwangu tunakula mpunga huo huo. Sasa wewe mwenye ramani, niambie, nipande au nisipande?"

Nilichukua buti nikamfuata.

Mwisho wa mtaro wangu usio na kona palikuwa na shimo lililochimbwa na maji, ambamo ng'ombe mzima angeenea. Kuanzia hapo hadi chini palikuwa pamesombwa. Mama Kabula alinyoosha mkono kama anayemwonyesha mgeni chumba cha kulala. "Hapo ndipo malisho," alisema.

Nilirudi kwa Injinia nikamweleza jinsi ilivyokuwa, na kwamba kosa ni langu. Alitazama dari. Alikuwa mtu mwema aliyetazama dari kila alipokosa mashine. Katapila na greda vyote vilikuwa Rwamgasa, kwenye barabara ya machimboni, na havingerudi kabla ya mwezi. "Ukipata njia isiyotaka mashine," alisema, "lete, nitasaini leo leo."

Nikaenda kwa Mzee Masanja. Alinisikiliza huku anakunywa maziwa, na nilipofika kwenye ng'ombe ilibidi aweke kikombe chini.

"Ulimwaga pumba?"

"Hapakuwa na mvua, mzee."

"Ulimuuliza mtu?"

"Nilikuta ng'ombe."

"Nao wakasemaje?"

Kesho yake asubuhi alipitia stoo yetu, akatokea kwenye eneo la mradi mpira aliouniachia umezungushwa begani.

Tulipima siku nzima, yeye ncha hii, mimi ile. Katikati ya viwanja, juu kidogo ya mwisho wa mtaro, nilikuwa nimeacha eneo la wazi kwa ajili ya kiwanja cha mpira cha mtaa. Mpira wa maji ulituonyesha kwamba eneo lile lina mteremko wa taratibu. Wazo likanijia: maji yaingizwe pale kwanza, yasimame, yatoke kidogo kidogo. Nilichora haraka, nikamwita Mama Kabula, nikaanza kumweleza kwa maneno ya chuoni. Alisikiliza kwa adabu huku ameishika karatasi juu chini.

"Subiri," alisema. "Unataka tuta upande wa chini, maji yasimame ndani, halafu uyaachie mdomo mdogo."

"Ndiyo hasa."

"Mbona hilo ni jaluba."

Nikatazama mchoro wangu. Lilikuwa jaluba. Mzee Masanja alikaa chini kabisa, kwenye tope, akacheka mpaka akapoteza maji ya upande wake wa mpira.

Pingamizi lilitoka kwa timu ya mpira. Nahodha wao alikuwa Shija, kinyozi, kijana mwenye maneno mengi kama kinyozi yeyote. Alikuja na wachezaji saba.

"Mama, sisi tuliahidiwa uwanja. Sasa mnatuletea bwawa. Tucheze na kambale?"

"Nimewaona mkicheza," alisema Mama Kabula. "Kambale watawafunga."

Wachezaji saba walimcheka nahodha wao, na hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Nikamweleza Shija kwamba maji hayatakaa zaidi ya siku moja, na tuta lenyewe litakuwa mahali pa mashabiki kukaa.

"Kama jukwaa?"

"Kama jukwaa. Ngazi mbili."

"Tatu."

"Tatu," nikasema, na nikaongeza ya tatu kwenye mchoro mbele ya macho yake. Injinia alisaini jioni ile ile, akaniuliza ngazi ni za nini kwa upande wa maji. Nilimwambia ni za siasa.

Mashine hazikuwepo, lakini Mama Kabula alikuwa wa kikundi cha bugobogobo, wale wakulima wanaolima pamoja kwa ngoma, wakirusha majembe juu na kuyadaka bila kukosa mapigo. Alipeleka neno. Siku ya pili yake walifika zaidi ya arobaini, ngoma mbele. Kabla jembe halijagusa ardhi, kiongozi wao aliuliza swali la desturi: kazi hii ni ya nani? Maana mwenye kazi ndiye mwenye kulisha. Wote wakamtazama Mama Kabula, na Mama Kabula akanitazama mimi.

"Mwenye ng'ombe ndiye huyu," alisema.

Kwa hiyo nilipika. Nilipika pilau ya baba yangu, ya viungo, mbuzi akachinjwa na shehe wa mtaa wetu, na masufuria nikaazima kwa watu wa harusi. Walisema hawajawahi kulima kwa chakula cha namna ile. Siku ya tatu nilianza kushuku kwamba majembe yamepunguza mwendo kwa sababu ya pilau, nikatangaza kuwa kuanzia kesho ni ugali na maziwa. Siku ya nne kazi ilikwenda mbio sana.

Wachezaji wa Shija walijiunga, wakatupwa mstari wa mwisho kwa kukosa mapigo. Mama Kabula alikuwa akipita juu ya tuta na kulikanyaga kwa kisigino. Palipobonyea alisema neno moja, panarudiwa. Udongo mweusi peke yake aliukataa, alisema kiangazi utapasuka na maji yatapenya. Tukaufunika kwa udongo wa vichuguu, mwekundu, unaoshikana. Katika miaka yangu yote nimeona matuta mengi yaliyoshindiliwa kwa mashine nzito, na sijaona lililoshindiliwa vizuri kama lile la miguu themanini inayocheza.

Tulibishana jambo moja tu. Mzee Masanja alitaka bomba la kutolea maji liwe dogo zaidi, maji yatoke kwa kunong'ona. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku na mchana, nikakataa: likiwa dogo mno, mvua kubwa itajaza na kupita juu ya tuta, na hapo tutakuwa tumemtengenezea Mama Kabula janga jingine. Nikaweka bomba la kipimo changu, na pembeni nikaacha mlango wa dharura, sehemu ya tuta iliyoshushwa na kupangwa mawe, iliyoelekea kwenye korongo la asili. Mzee alitazama hesabu ambazo hakuzisoma, kisha akanitazama usoni.

"Sawa," alisema. "Kumbe chuoni walikufundisha kidogo."

Nimepewa vyeti kadhaa kazini. Hilo nililiandika kwenye daftari.

Siku ya kumi na moja tangu Mama Kabula alete beseni, saa tisa alasiri, wingu likaja. Timu ilikuwa inafanya mazoezi. Watu walitoka majumbani, wakapanda ngazi tatu na miavuli yao kana kwamba kuna mechi. Mama Kabula hakupanda. Alikwenda chini kabisa, akasimama kwenye mdomo wa jaluba lake la kwanza. Mimi nilikuwa juu, mwanzoni mwa mtaro, na kiroba cha Mzee Masanja.

Mvua ilipiga kweli. Mtaro ulijaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia kiwanjani, Shija na wenzake wakakimbilia ngazini huku wakishangiliwa. Nikamwaga pumba, viganja vitatu. Zilishuka kwa kasi ile ile iliyobomoa matuta manne. Zilipoingia kiwanjani zilipunguza mwendo, zikazunguka nguzo za goli, zikazunguka tena kama watu waliofika mapema mahali. Maji yalipanda ngazi ya kwanza. Yakagusa ya pili. Yakasimama hapo.

Nikateremka mbio. Nilipofika karibu nikapiga kelele, "Zinakuja?"

Mama Kabula alikuwa ameinama. Alichota maji kwa kiganja, akakiinua: pumba tano au sita, zimelowa.

"Zinatembea," alisema. "Hazikimbii."

Alipandikiza kesho yake na keshokutwa, yeye na majirani. Siku ya pili nilikwenda kumsaidia, wakanirudisha tutani kwa sababu nilipanda kwa mistari iliyonyooka mno.

Baada ya mavuno alikuja ofisini tena na beseni. Safari hii lilikuwa na mchele. Juu yake palikuwa na mfuko mdogo.

"Huu mchele ni wa kula. Na hizi pumba ni za kazi, mayu," alisema, yaani mama. "Usije ukasema tena hapakuwa na mvua."

Tangu hapo kila mwaka alinipa kiroba cha pumba za mpunga wake, nami nilikiweka stoo. Na tangu hapo, kuanzia mhudumu wa chai hadi mkuu wa idara, nikawa Mama Malisho. Wapo watumishi walionifahamu miaka mingi na hawakujua kuwa nina mtoto anayeitwa Hadija.

Nilifanya kazi mahali pengine pia. Rwamgasa nilikwenda kwa ajili ya mitaro ya soko na viwanja vipya. Kule shida ni mashimo ya wachimbaji, wanayoyaita maduara, na marundo ya mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, ambao mvua ikiupitia haifai kufika kwenye kisima cha mtu. Mchimbaji mmoja alinitazama nikimwaga pumba, akaniuliza nimepoteza nini. Nilimwambia nayatafuta maji yanakokwenda. "Mama," alisema, "sisi huku chini tunayatoa kwa pampu mchana kutwa, wewe unayatafuta?" Lakini alizifuata, na alipoona zimeingia moja kwa moja kwenye duara lake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika koleo.

Kila nilikokwenda niliuliza kwanza shamba ni la nani, hata nilipokuta ng'ombe. Hasa nilipokuta ng'ombe.

Mwaka wangu wa mwisho nilirudi pale nilipoanzia kosa. Viwanja vyote vilikuwa vimejengwa, na watu wamependa matofali ya kupanga uani, wamefunika kila mahali hadi kwenye uzio. Hata nyasi ya kutafuna mbuzi haipo. Ua uliofunikwa unatema maji yote. Nilipiga hesabu upya, nikaona kwamba mvua ya tatu ya msimu unaokuja itafika juu ya ngazi ya tatu, na mlango wa dharura hautatosha. Mama Kabula alikuwa bado analima pale chini pamoja na binti yake. Kazi yangu ya mwisho serikalini ikawa kuinua tuta lile na kupanua ule mlango. Shija, ambaye sasa ni kocha mwenye kitambi, alisimamia kwa furaha kubwa. Alipata ngazi ya nne.

Tulimaliza kiangazi. Kisha nikastaafu, kabla tone halijaanguka. Nilipewa saa ya ukutani, kitenge na hotuba ndefu, na muda wote wa hotuba nilikuwa nawaza ngazi ya nne. Nimejenga kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi, na anayelala chini yake ni mtu niliyekwisha kumbomolea mara moja.

Msimu ulipoanza nilihesabu. Mvua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilianza juzi asubuhi, nzito, ya kupiga bati mpaka redio haisikiki. Nilichukua kiroba changu, nikatoka nyumbani Nyahanga nikasimamisha bajaji.

"Mama, mvua yote hii, unaenda wapi na pumba?" aliuliza dereva.

"Kazini."

"Unafanya kazi gani?"

"Nimestaafu."

Alinitazama kwenye kioo, akaongeza mwendo.

Nilisimama mwanzoni mwa mtaro, nikainama kufungua kiroba. Kabla sijagusa kamba, nikaona kitu kikipita kwenye maji mbele ya buti zangu. Pumba. Viganja vitatu, kwa kukadiria.

Nikazifuata. Kiwanja kilikuwa kimejaa kuliko nilivyowahi kukiona, maji yamefunika ngazi ya tatu yote, na chini kidogo ya ya nne yamesimama. Juu ya tuta, suruali imekunjwa magotini, daftari ndani ya mfuko wa nailoni, alisimama Neema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pumba umezitoa wapi?"

"Stoo," alisema. "Ulidhani funguo niliitafutia nini?"

Tulishuka pamoja. Mama Kabula alikuwa kwenye mdomo wa jaluba, mfupi kidogo kuliko zamani, kanga imelowa hadi kiunoni vilevile. Nyuma yake binti yake Kabula na majirani walikuwa tayari wanang'oa miche kitaluni.

"Zimefika?" niliuliza.

"Zimefika kabla yenu." Alitufungulia kiganja. Kisha akaona kiroba changu, kamba haijalegezwa. "Na hicho?"

"Sikukifungua. Huyu binti amenitangulia."

Alimgeukia Neema, akampa wabeja moja nzito, asante ya heshima, ambayo mimi niliisubiri hadi mavuno. Kisha akanionyesha kwa kidevu zizi lililo nyuma ya nyumba yake.

"Usirudi nacho nyumbani, Mama Malisho. Kawape ng'ombe wako. Wamekaa muda mrefu kwenye ramani hawajala."

Nikaenda. Walikuwa wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa madoa, na walikula vizuri.